Kuchagua malighafi za kuzibia na kurekebishia meno: mwongozo kwa kliniki ndogo za Dar es Salaam

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi mmoja, wagonjwa watatu walirudi kliniki kwetu Temeke na lalamiko lile lile kwamba dawa ya kuzibia imetoka. Mmoja wao, mama mtu mzima, alikuja nayo ameifunga kwenye karatasi ya risiti, akaifungua mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitasa kibovu dukani. Niliigeuza nikaibonyeza kwa ukucha upande wa chini, ule uliokuwa umelala kwenye sakafu ya tundu, na ukucha ukaingia. Juu ilikuwa ngumu kama jiwe, chini ilikuwa haijaganda. Tuliilaumu dawa kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu, tukanunua nyingine kwa karibu mara mbili ya bei ile, na mwezi uliofuata nayo ikatoka. Kosa lilikuwa kwenye taa ya kugandishia: ncha yake ilikuwa imefunikwa na utando wa dawa iliyokauka, na betri yake ilikuwa imechoka.

Tangu siku ile sikubali kuzungumzia ubora wa malighafi bila kuuliza inakwenda kwenye jino la nani, imehifadhiwa wapi na inagandishwa kwa kifaa gani. Ninaposema malighafi nakusudia kila kitu kinachobaki mdomoni mwa mgonjwa, pamoja na vile vinavyotumika kutengeneza kile kitakachobaki: dawa za kuzibia, simenti, gundi, akriliki ya meno bandia, aloi za kofia za meno, hata unga wa kuchukulia alama ya meno na jasi ya kumwagia.

Anza na mdomo, katalogi baadaye

Kabla ya kufungua katalogi ya muuzaji yeyote, kaa na daftari la wagonjwa wa miezi mitatu iliyopita uone ni meno gani mnayoziba zaidi. Kliniki inayopokea watoto wengi wa shule za msingi, ambao hukaa kitini dakika kumi kisha huanza kulia na kujaa mate, haina mahitaji sawa na kliniki ya mjini inayorekebisha meno ya mbele ya watu wanaojali tabasamu lao. Nimeona kliniki zilizonunua kompoziti, yaani dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, ya rangi kumi na mbili, tisa kati ya hizo zikaishia kupitwa na tarehe ndani ya droo.

Kwa kila aina ya jino mnaloliziba mara kwa mara, jiulizeni kama mnaweza kulikausha na kulitenga na mate kwa dakika zote zinazohitajika, kama liko mahali pa kusagia chakula au pembeni, na kama mgonjwa anaweza kurudi kwa uchunguzi. Ulizeni pia kasi ya uozo mdomoni mwake, kwa maana mtu mwenye matundu mapya manne kila mwaka anahitaji dawa inayotoa floraidi kuliko anavyohitaji dawa inayong'aa. Jambo la kukausha ndilo zito kuliko yote. Kama hamna mpira wa kutenga jino, au mnao lakini hautoki kwenye pakiti, basi sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kwenye boksi la kompoziti hayawahusu.

Dawa za kuzibia, moja baada ya nyingine

Amalgamu nitaipitia haraka, kwa sababu mlango wake unafungwa. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ni kweli kwamba ni imara, ni nafuu na inavumilia unyevu kuliko zote. Hata hivyo Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, na marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2022 yanazitaka nchi wanachama zisiruhusu zebaki ya kuchanganya kwa mkono, na zizuie au zishauri dhidi ya kutumia amalgamu kwa meno ya utoto, kwa watoto walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi. Mwaka 2025 wanachama walikubaliana matumizi yake yakome ifikapo 2034. Kwa hiyo kliniki inayoanza leo isinunue mashine ya kutikisia amalgamu. Zile zilizomo mdomoni mwa wagonjwa, kama ni nzima, ziachwe, kwa kuwa mvuke wa zebaki huongezeka pale unapozichimba. Mabaki yatunzwe kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, kamwe yasimwagwe sinki.

Glasi ayonoma, simenti ya unga na kimiminika inayoshika jino yenyewe na kutoa floraidi, ina uhusiano na nchi hii ambao vijana wengi wanaotoka chuoni hawaujui. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa kwa jamii ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo ilipoanza njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme, ambamo uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono na tundu kujazwa simenti inayoshika jino yenyewe. Daktari wa meno wa Kiholanzi, Jo Frencken, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwanzoni walitumia simenti ya polikaboksileti, glasi ayonoma ikashika nafasi baadaye, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani, Aprili 7, 1994. Leo glasi ayonoma imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Nayataja haya kwa sababu nasikia watu wakiiita dawa ya maskini au dawa ya muda, ilhali kwa jino la utoto, kwa tundu la upande mmoja katika gego, na kwa jino ambalo mate hayazuiliki, mimi huichagua kabla ya kompoziti, hata kama mgonjwa ana pesa.

Udhaifu wake upo. Huvunjika kingo pale inapobeba mzigo mkubwa, hasa tundu linapochukua pande mbili au zaidi za jino la ukubwani, na hulika na asidi pole pole. Ukinunua, tofautisha ile nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzibia na ile nyepesi ya kubandikia kofia. Boksi zake hufanana, bei hukaribiana, na nimeshaona ile ya kubandikia ikitumika kuzibia magego kwa mwaka mzima. Kiwango cha kimataifa cha simenti hizi, ISO 9917-1, kinataka ya kuzibia ihimili mgandamizo usiopungua megapaskali 100 (megapaskali ni kipimo cha nguvu juu ya eneo), na ya kubandikia 50 tu. Namba hizo mbili peke yake zinaeleza kwa nini magego yale yalirudi.

Kompoziti ndiyo yenye sura nzuri na ndiyo yenye masharti mengi. Ni resini iliyochanganywa na chembe ndogo za kioo, hugandishwa kwa mwanga wa buluu wa urefu wa wimbi unaokaribia nanomita 470, na inapoganda husinyaa kwa asilimia 2 hadi 5 ya ujazo wake. Kusinyaa huko ndiko kunakoivuta kutoka kwenye ukuta wa tundu, na ndiko kunakotulazimisha kuiweka kwa tabaka zisizozidi milimita 2, isipokuwa ile iliyotengenezwa maalumu kwa tabaka la milimita 4. Haishiki jino yenyewe. Kwa kawaida inategemea jino lipakwe asidi ya fosforiki, lioshwe, likaushwe kwa kiasi, kisha lipakwe gundi, kwa hiyo tone moja la mate katikati ya safari hiyo linaharibu kazi yote. Katika kiwango cha ISO 4049, kompoziti ya kuzibia sehemu ya kusagia inatakiwa ihimili mkunjo usiopungua megapaskali 80. Karibu kila bidhaa halali inafika hapo, na kwa sababu hiyo sishawishiki na muuzaji anayenionyesha kwamba yake ina 140 na ya jirani ina 120. Kitini kwangu tofauti hiyo humezwa na taa, mate na mkono.

Kuna jambo linalowahusu wagonjwa waliokulia Arusha, Kilimanjaro na kwingineko kwenye maji yenye floraidi nyingi, ambao Dar es Salaam tunawapokea kila wiki wakitaka meno yao ya kahawia yafunikwe. Enameli, yaani gamba gumu la nje, ya jino lenye madoa ya floraidi haishikwi vizuri na asidi kwa muda ule ule wa kawaida. Ukichagua gundi kwa ajili ya kazi hiyo, epuka zile za chupa moja zinazojigamba kwamba hazihitaji asidi ya fosforiki, uchukue mfumo unaokuruhusu kupaka asidi kwanza na kuongeza muda wake kwenye enameli. Bei ya gundi hiyo si kubwa zaidi. Kinachoongezeka ni hatua na subira.

Dawa za muda zenye zinki oksidi na mafuta ya karafuu zimekuwepo tangu enzi na bado zina kazi, hasa kutuliza jino linalouma. Mgonjwa akinusa husema mara moja kwamba kliniki inanukia Pemba. Ila yujinoli iliyomo kwenye mafuta hayo huzuia resini isigande. Kama jino litazibwa kwa kompoziti wiki ijayo, dawa ya muda iwe isiyo na yujinoli, na unapopanga manunuzi hakikisha aina zote mbili zipo stoo, zikiwa na rangi tofauti za lebo ili msaidizi asichanganye.

Kusoma boksi kabla ya kulipa

Swali la kwanza dukani ni kama bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Mwombe muuzaji uthibitisho, na kama anababaika, ondoka. Usinunue mrija mmoja mmoja uliotolewa kwenye boksi lake, hata kwa nusu bei, kwa sababu pamoja na boksi umepoteza namba ya toleo, maelekezo na mara nyingi tarehe.

Kisha soma alama ndogo zilizochapwa pembeni, ambazo ni zile zile dunia nzima. Saa ya mchanga ni mwisho wa matumizi. Jengo la kiwanda ni mtengenezaji, na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa huandikwa kando yake. Namba ya 2 iliyokatwa kwa mstari inakataza kutumia mara ya pili. Jua lina maana ya kuepusha na mwanga wa jua, mwavuli ni kuepusha na unyevu, na kipimajoto chenye namba mbili ni mipaka ya joto. Kwa hali yetu hiki cha mwisho ndicho cha kukaza macho, kwa sababu bidhaa nyingi za resini zimeandikwa zisizidi nyuzi 25, ilhali duka lisilo na kiyoyozi jijini hufika 30 na zaidi mchana wa Januari.

Angalia pia kama namba ya toleo kwenye boksi inalingana na iliyo kwenye mrija wenyewe, kama lebo ya tarehe haijabandikwa juu ya nyingine, na kama maelekezo ya ndani yanataja kiwango cha ISO kinachohusu bidhaa hiyo hasa. Cheti cha ISO 13485 kinahusu mfumo wa kiwanda wa kusimamia ubora. Hakisemi kwamba kompoziti hii inaganda. Wauzaji wengi hukionyesha kama vile kinamaliza mjadala. Uliza pia upimaji wa usalama kwa mwili, ambao kwa bidhaa za meno hufuata ISO 10993 na ISO 7405.

Mimi nina tabia moja ambayo wenzangu huicheka: naenda dukani saa nane mchana. Naangalia kiyoyozi kama kinafanya kazi au kimetundikwa kwa heshima tu, naangalia kama maboksi ya gundi yamepangwa kwenye dirisha linalopigwa na jua la magharibi, kisha nauliza mzigo ulikaa bandarini kwa muda gani na usiku umeme ukikatika friji inashikwa na nini. Muuzaji mzuri hakasiriki kwa maswali haya.

Joto, unyevu na stoo yako mwenyewe

Ukishanunua, lawama zinahamia kwako. Nunua kipimajoto cha ukutani kinachokumbuka kiwango cha juu kabisa cha siku, ukitundike ndani ya stoo, na uandike usomaji wake kila asubuhi kwa wiki mbili kabla hujaamua nini kikae wapi. Stoo iliyo chini ya bati bila dari itakushangaza.

Kompoziti na gundi zikae kwenye friji ya kliniki, isiyo ya chakula, na zitolewe mapema zipate joto la chumba kabla hazijafunguliwa. Mrija uliofunguliwa ukiwa baridi hupata umande ndani ya hewa yetu yenye unyevu, na umande huo ni maji ndani ya dawa inayochukia maji. Chupa ya gundi ina asetoni au alikoholi. Kila dakika inayokaa wazi huku msaidizi akitafuta brashi, kiyeyushi hicho kinaruka na kinachobaki ni kitu kizito kisichoingia kwenye dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli. Kompoziti iliyokwisha kukamuliwa kwenye kibao ifunikwe, kwa kuwa hata taa ya kiti huanza kuigandisha.

Glasi ayonoma ina mtego wake. Vitabu hushauri kuchanganyia juu ya kibao cha kioo kilichopozwa ili muda wa kufanya kazi urefuke, na ushauri huo ni mzuri mahali penye hewa kavu. Hapa kwetu kioo kikitoka kwenye friji hutoa jasho kabla hujapima unga, na maji hayo yanavuruga uwiano wa unga na kimiminika. Tumia karatasi ya kuchanganyia, chumba kiwe na kiyoyozi, na chupa ya unga ifungwe mara tu baada ya kupima. Mchanganyiko uingie kwenye tundu ukiwa bado unang'aa. Ukishafifia, ile asidi iliyopaswa kushikana na kalisi ya jino imekwisha kutumika. Utupe, uchanganye mwingine. Ukilinganisha bidhaa mbili za glasi ayonoma, zichanganye zote mbili siku ya joto katika chumba chako, upime kwa saa ya mkononi zinang'aa kwa muda gani. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ilipatikana kwenye maabara yenye nyuzi 23.

Kuipima kompoziti bila maabara

Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila kliniki iwe nacho, na kinatokana na kile kinachotumika katika ISO 4049. Nenda kwa fundi chuma, Gerezani wapo wengi, akukatie kipande cha bomba la chuma kisichoshika kutu chenye tundu la upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 6, pande zote mbili zikiwa zimesuguliwa zikawa bapa. Kiweke juu ya kioo chenye ukanda mwembamba wa plastiki, kile kinachotumika kutengenezea meno ya mbele, ukijaze kompoziti bila kuacha hewa, ufunike kwa ukanda mwingine, kisha umulike kutoka juu kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, mathalani sekunde 20.

Isukume nje. Upande wa juu utakuwa mgumu na wa chini utakuwa kama ugali ulioachwa katikati. Kwangua sehemu laini kwa kijiko cha plastiki, polepole, mpaka kisitoke kitu, halafu pima urefu uliobaki kwa kalipa na ugawanye kwa mbili. Kugawanya huko kunatokana na ukweli kwamba sehemu ya chini ya kile kilichobaki, ingawa haikwanguki, haijaganda vya kutosha kwa kutafunia. Ukipata milimita 3.6, kina chako ni 1.8. Kiwango kinataka kisipungue 1.5 kwa kompoziti ya kawaida, na kisipungukiwe zaidi ya nusu milimita na kile alichodai mtengenezaji.

Ukipata 1.1, usikimbilie kurudisha dawa dukani. Futa ncha ya taa, chaji betri hadi ijae, rudia. Azima taa ya mwenzako, rudia tena kwa dawa ile ile. Kama namba inapanda kwa taa ya jirani, tatizo ni taa yako. Kama inabaki chini kwa taa zote mbili, sasa una neno la kumwambia muuzaji. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kilichoponya. Rangi nyeusi zaidi hupata kina kidogo kuliko nyeupe, kwa hiyo linganisha rangi ileile. Baadhi ya kompoziti nyeupe sana hutumia kichocheo kinachotaka mwanga wa zambarau ambao taa nyingi za bei nafuu hazitoi, na hilo huandikwa ndani ya maelekezo kwa herufi ndogo.

Vitu vinavyopitia maabara ya meno

Hapa makosa mengi hutokea barabarani. Unga wa aljineti, ule wa kuchukulia alama ya meno, ni nafuu na unatosha kwa meno bandia mengi ya kuvua, lakini alama yake hupoteza maji na kusinyaa ikiachwa hewani, na huvimba ikilowekwa, hivyo jasi inatakiwa imwagwe ndani ya dakika chache, ikizidi nusu saa ni kubahatisha. Sasa fikiria alama hiyo imetoka Mbagala saa kumi jioni, imefungwa kwenye mfuko na kitambaa chenye unyevu, iko kwenye bodaboda, na Barabara ya Kilwa imesimama. Inafika maabara Kariakoo saa kumi na mbili, fundi ameshafunga, na jasi inamwagwa kesho yake. Meno yakija hayakai, na daktari anamlaumu fundi. Ama mwage jasi kliniki kwenu, ama kwa kazi ya kofia na madaraja nunueni silikoni ya adisheni, dawa nyingine ya kuchukulia alama, ambayo hudumisha vipimo vyake kwa siku kadhaa. Ni ghali kwa mbali. Kwa kliniki iliyo mbali na maabara hurudisha gharama yake, kwa masharti kwamba anayeikanda havai glovu za lateksi, kwa kuwa salfa iliyomo humo huzuia isigande.

Jasi nayo huharibiwa na maji tunayoyachanganyia. Maji ya visima vingi vya jiji hili yana chumvi, na chumvi kidogo huharakisha jasi kuganda, ikakuponyoka kabla hujaitikisa kutoa hewa. Tumia maji yaliyochujwa au ya chupa, na mfuko uliofunguliwa uuhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko. Jasi iliyonyonya unyevu wa masika haina dawa.

Kwa akriliki ya meno bandia, chagua fundi kabla ya kuchagua unga. Akriliki ya kupika ikipandishwa joto kwa pupa, kimiminika chake huchemka ndani ya unga na kuacha vitundu. Inua kipande kwenye mwanga wa dirisha utaviona, hasa sehemu nene nyuma ya magego. Ukikinusa na harufu kali ikakupanda puani, bado kina kimiminika kisichoungana, kinachowasha ufizi. Omba kilowekwe majini siku moja au mbili kabla ya kukabidhiwa. Akriliki ya kuganda bila kupikwa ibaki kwa matengenezo madogo, maana mabaki yake ni mengi zaidi.

Kuhusu metali, mwulize kila mgonjwa kama heleni za bei nafuu humwasha masikio. Akisema ndiyo, aloi yenye nikeli haimfai, mwandikie ya kobalti na kromiamu, au kofia isiyo na metali. Fundi akupe karatasi ya mchanganyiko wa aloi anayotumia. Berili, metali inayochanganywa kwenye baadhi ya aloi, isizidi asilimia 0.02, kwa sababu vumbi lake wakati wa kusugua linadhuru mapafu, na anayelivuta ni fundi mwenyewe. Kwa kofia zisizo na metali, ambazo ni za kauri, zirkonia ya kawaida huhimili megapaskali 900 hadi 1,200 na inafaa gego la mtu anayesaga meno usiku. Lithiamu disilikati iko karibu na 400, ina uhai wa rangi unaopendeza kwa meno ya mbele. Sioni sababu ya kuibishania zaidi ya hapo.

Bei ya jino, na majaribio ya miezi sita

Bei ya kopo haikwambii lolote mpaka uigawanye kwa idadi ya meno yaliyozibwa na yakabaki. Tuseme glasi ayonoma moja ni shilingi 60,000 na inaziba meno 40, nyingine ni 120,000 na inaziba idadi hiyo hiyo. Tofauti ni shilingi 1,500 kwa jino. Kama ile nafuu inarudisha meno manne zaidi, na kila marudio, ukihesabu ganzi, glovu, nusu saa ya kiti na nauli ya mgonjwa, ni shilingi 20,000, umeshatumia 80,000 kuokoa 60,000. Weka namba zako mwenyewe. Mara nyingine hesabu huiunga mkono ile nafuu, na hapo inunue bila aibu.

Ili kupata namba hizo, nunua kopo moja dogo la bidhaa mpya, uitumie kwa meno 20 ya aina moja huku ile ya zamani ikiendelea kwa mengine 20, mkono ukiwa ule ule. Daftari liwe na tarehe, namba ya jino, jina la dawa, namba ya toleo, aliyeziba, na kama jino lilikaushwa vizuri au kwa shida. Safu hiyo ya mwisho ijazwe kwa ukweli, kwa sababu ndiyo inayotenganisha dawa mbovu na siku mbaya. Baada ya miezi sita piga simu, waite, angalia kingo kwa kichokonoo, andika. Mgonjwa akipata vidonda au uvimbe usioelezeka, toeni taarifa TMDA mkitaja namba ya toleo. Bila namba hiyo hawana pa kuanzia.

Vipande vya kompoziti kutoka kwenye kile kipimo cha bomba usivitupe. Mimi huviweka kwenye kiberiti kitupu, kila kimoja na tarehe yake imebandikwa kwa plasta, na cha mwezi huu nakilaza kando ya cha Januari kabla sijaagiza mrija mwingine.